Viti vya Mama Mushonaji

Mama mushonaji, jirani yetu hapa Pinga, anashonea watu maua kwenye nguo, lakini kwake hataki hata ua moja. Ameona kwenye simu nyumba za kisasa za Kiafrika, zenye vitu vichache tu. Kila asubuhi anasimama mlangoni mwa chumba cha wageni, anafunga jicho moja, kisha anatoa kitu. Kalenda ilitoka, vitambaa vikatoka, wiki hii viti vyenyewe vikaletwa kwetu. Alibakiza mkeka, chungu kimoja na kitunga kimoja ukutani. “Sasa nyumba inapumua,” aliniambia polepole, vidole vikinyoosha ncha ya mkeka. Alitaka sana mama mkwe wake, aliyekuwa njiani kutoka Butembo, aipende.

Lakini huku Pinga viti hutolewa hivyo nyumba ikiwa na kilio. Mama mkwe alishuka kwenye pikipiki, akafika mlangoni, akaona mkeka mtupu, akaweka mikono kichwani. “Nani amekufa?” Majirani waliposikia wakaja na kuni na maharagi.

“Hakuna mufu, Mama. Ni mtindo, inapumuzisha macho.”

Mama mkwe akajipangusa machozi. “Macho yangu haijachoka, mutoto wangu. Ni magoti njo imechoka.”

Mama mushonaji akaja kwetu mbio. Nilimtolea viti vyote sita. Akavitazama sana, akabeba kimoja.