Watu Kumi na Saba Waliotaka Niwakanyage Mgongo

Jumamosi moja nilifungua mlango nikakuta watu kumi na saba wamelala kifudifudi uani kwetu, mashati wameyapandisha hadi mabegani.

Wamejipanga safu mbili, kama mbata ya nazi iliyoanikwa.

Wa kwanza kabisa alikuwa Kap Wilmer, mwenyekiti wa kijiji.

"Kanyaga, Dalyn," alisema, mdomo ukiwa kwenye nyasi. "Nina kikao saa tatu."

"Nikanyage nini, Kap?"

"Mgongo! Au ulitaka kichwa?"

Safu ya nyuma ikacheka. Mtu mmoja akalalamika kuwa sisimizi wameshaingia kwenye suruali yake, na kwamba nisipoanza sasa hivi anaondoka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu, nina cheti cha tiba ya viungo na moyo wa kuokoa dunia nzima. Kijiji chetu kiko Quezon, hapa Ufilipino, na kinaishi kwa nazi. Watu wanabeba magunia ya mbata mgongoni kutoka mlimani hadi barabarani.

Baba yangu, Tatay Crispulo, alibeba miaka ishirini na sita. Asubuhi moja akainama kuokota ndala.

Hakunyooka tena. Alikuwa na miaka arobaini na tano.

Ndiyo maana nilirudi. Nilitaka watu waje kwangu mara mbili kwa mwezi, mgongo ukiwa bado mzima. Niukague, niukande, niwafundishe mazoezi na namna ya kunyanyua gunia kwa nguvu ya miguu.

Kap alinipa chumba kwenye ofisi ya kijiji.

"Miezi mitatu," alisema. "Ukipata watu ishirini wanaorudi, chumba chako. Ukikosa, naweka mashine ya karaoke. Nimeshaiagiza."

Wiki sita za kwanza nilipata mgeni mmoja. Alikuja kuchaji simu.

"Mgongo wangu hauumi," jirani yetu Nestor aliniambia. "Nije kufanya nini? Huko si kumwamsha mbwa ili umwambie alale?"

Nililia bafuni, bomba nimelifungulia Tatay asisikie.

Ndipo ikaja Jumamosi ile.

"Nani kawaambia mje?" nilimuuliza Kap.

"Lola Sepa. Katangaza sokoni kuwa wewe ulizaliwa umetanguliza miguu. Mbona ulituficha, binti?"

Kwetu, mtu aliyetanguliza miguu anaaminika kuwa tabibu wa kuzaliwa. Anatoa mwiba wa samaki kooni, ananyoosha viungo, na miguu yake ikikukanyaga mgongo, mgongo hauugui. Na Lola Sepa ni bibi ambaye huwezi kumbishia kwa jambo hilo. Ndiye mkunga aliyenipokea.

Mimi mwenyewe sikujua ukweli. Mama yuko Hong Kong kikazi, na siku niliyozaliwa Tatay alikuwa mlimani.

Ningewafukuza. Lakini niliitazama ile migongo. Mingine ilikuwa imeanza kupinda kama wa Tatay.

"Miguu yangu haifanyi kazi kwenye mgongo uliokakamaa," nikasema. Sijui maneno yale yalitoka wapi. "Kwanza mazoezi nusu saa. Na asiyerudi baada ya wiki mbili, dawa inakatika."

"Inakatika kabisa?" Nestor akashtuka.

"Kabisa."

Wakafanya! Kap alirusha miguu hewani kama mende aliyepinduliwa. Mwishoni nikashikilia kiti, nikagusa kila mgongo kwa vidole vya mguu, kwa wepesi wa paka.

Tatizo likawa moja. Kwetu ukishakandwa, huogi hadi kesho yake. Wao wakaamua kwamba mguu wangu ni mkali, kwa hiyo wasioge siku tatu.

Kesho yake kanisani padri alifungua madirisha yote na mahubiri yakaisha kwa dakika nne. Watu wakasema hata padri nimemponya.

Basi, wakawa wanarudi. Tukahamia kile chumba. Nestor akawa anakemea wenzake huko mlimani: "Piga goti, we! Usilidonoe gunia kama kuku!"

Ila mimi usingizi ulinipotea. Wiki ya mwisho nikampigia Mama.

"Miguu?" Mama alicheka hadi akakohoa. "Ulitanguliza kichwa, mwanangu, na kichwa chenyewe kikubwa! Sepa alihangaika nacho nusu saa."

Siku ya kuhesabiwa walifika watu ishirini na watatu. Wakalala. Kap naye akalala, daftari mkononi.

Ningenyamaza dakika tano tu, chumba kingekuwa changu.

"Sikutanguliza miguu," nikasema. "Nilitanguliza kichwa kama nyinyi. Kinachowasaidia ni mazoezi, na kule kurudi kwenu. Nisameheni."

"Kwa hiyo," Kap akasema taratibu, "tumekanyagwa na mtu wa kawaida?"

Watu watano wakanyanyuka wakaondoka. Mmoja alisema anakwenda kuoga sasa hivi.

"Lola," nikamgeukia Lola Sepa, aliyelala safu ya mbele, "wewe ulijua. Kwa nini?"

"Muulize baba yako," akajibu bila kuinua uso. "Mimi nilitumwa tu."

Tatay alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

"Nyuso sizioni tena, Dalyn," akasema. "Naona viatu. Wiki sita nimekaa hapo nje naangalia viatu vya rafiki zangu vikipita mlango wako. Vingine vimeanza kuburuta upande mmoja, kama vyangu vilivyoanza. Nikamwambia Sepa, sema chochote, mradi visimame."

Kap akahesabu kwa kidole. "Kumi na saba, kumi na nane. Wamepungua wawili, binti. Neno ni neno."

"Umejihesabu?" Nestor akauliza.

"Mimi ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti hana mgongo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kap akanung'unika, akaandika. "Kumi na tisa."

Tatay akaweka fimbo chini.

Tangu nirudi alikuwa hajaniruhusu nimguse. Kila mara alisema mgongo wake umeshaharibika, nisipoteze muda. Sasa akapiga goti polepole, akajilaza kwa ubavu, maana kifudifudi hawezi.

"Ishirini," akasema. "Ila mimi usinikanyage."

Tatay hajanyooka, na huenda asinyooke. Lakini juzi aliniambia nina kipele kidevuni.

Ndugu msomaji, usisubiri mgongo upige kelele ndipo uukumbuke. Na kama kuna mtu wako ameanza kuburuta mguu, mahubiri hayatamsaidia. Mshike mkono, mpeleke.

Ukilazimika kumdanganya ili aende, kiri mapema kuliko mimi.