Muuza Samaki, Jina Halijulikani

Kama kuna mtu mjini Kalemie, kando ya ziwa, ambaye ilikuwa kichekesho kumkataza kunakili kitu, ni Mélanie. Miaka thelathini amekula kwa kunakili. Kibanda chake kiko kwenye barabara ya kushuka bandarini, na ndani mna mashine ya fotokopi inayokohoa wino na kompyuta iliyochukua nafasi ya taipureta ya zamani. Hapo zimepita kadi za uchaguzi, vyeti vya ubatizo, hukumu za mahakama, na barua za mapenzi za watu ambao mkono wao haukupata kushika kalamu.

Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alipiga chapa bila kusoma. Macho yalipokea herufi, vidole vikazipeleka kwenye karatasi, kichwa kikabaki kinafikiria mboga ya jioni. Ukimwuliza baada ya dakika tano barua uliyompa ilisema nini, hajui, na hadanganyi. Watu walimpenda kwa hilo, maana siri zao zilipita kwake kama maji kwenye mfereji. Yeye mwenyewe alijisifu. Hakujua kwamba sifa hiyo ingekuja kumng'ata siku ambayo hakuwa na nafasi ya kung'atwa.

Jumanne asubuhi mama yake alikufa. Mazishi yakapangwa Ijumaa.

Kwa Kalemie ya leo maiti haiendi kaburini bila picha. Picha kubwa, kwenye fremu, inabebwa mbele ya jeneza na mjukuu aliyenyoosha shingo. Mélanie alikuwa na picha za mama kwenye simu, lakini zote zilikuwa za miaka miwili ya mwisho, tangu ugonjwa uliposhuka upande wa kushoto na kuuvuta mdomo. Mama alikuwa amekataza mapema. Alisema, "Mukinibeba na hii kinywa nitarudi kuwapiga." Za zamani hazikuwepo tena. Ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, albamu tatu zilikaa majini siku sita, na walipozitoa, nyuso zote zilikuwa zimekuwa uji.

Ilibaki moja tu, na hiyo haikuwa nyumbani.

Baba yake Mélanie, Papa Barthélemy, alikuwa mpiga picha. Alipiga picha za vitambulisho, za komunyo ya kwanza, za harusi zilizodumu na zilizovunjika, na akipata filamu imebaki kidogo alizunguka nayo mjini akipiga alichokipenda. Kimoja alichokipenda ni mke wake, amesimama nyuma ya karai la samaki aina ya mikebuka, mkono kiunoni, anacheka kama aliyetoka kumtukana mnunuzi. Baba alipokufa, na vita vikawa vinazunguka, Mélanie alipeleka masanduku yake ya filamu kwenye Nyumba ya Kumbukumbu, ile ya juu kilimani, ili yatunzwe. Aliyabeba mwenyewe kichwani, safari nne.

Miaka ikapita, na mwaka huu Nyumba hiyo ikatoa kalenda. Mwezi wa tano ulikuwa na mama.

Mélanie aliiona kalenda kwa mteja, akaiomba, akakimbia nayo nyumbani. Mama, tayari hawezi kuinuka kitandani, aliitazama muda mrefu, akaipitishia kidole. Halafu akasema, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Munibebe na hii." Kisha akagusa maandishi ya chini, maana hakujua kusoma. "Na hapa wameandika nini?"

Chini ya picha paliandikwa: *Muuza samaki, jina halijulikani.*

"Jina lako, mama," Mélanie alisema. "Wameandika jina lako lote."

Mama alitabasamu kwa upande uliobaki mzima, akafumba macho. Uongo huo ulimkaa Mélanie kooni wiki zote tatu alizoishi mama baada ya hapo. Na katikati ya picha, kifuani kabisa mwa mama, palikuwa pamelazwa maneno mengine kwa herufi za kijivu: MARUFUKU KUNAKILI.

Basi Jumatano, saa mbili za asubuhi, kitambaa cha msiba kichwani, Mélanie alikuwa mlimani mbele ya meza ya Firmin.

Huyu Firmin ndiye mtunzaji wa Nyumba ya Kumbukumbu. Mtu wa miaka sitini, mkavu, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, na muhuri anaufunga kwenye droo kama vile kuna watu wanaota kuuiba. Wanasali parokia moja. Hawapendani, wala hawajawahi kujifanya.

"Pole na musiba, Mama Ketsia," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama watu wote.

"Asante, Papa Firmin. Nimekuja juu ya filamu ya mama. Ile ya kalenda. Nitaitoa kubwa, bila yale maandishi ya kifua, halafu nakurudishia leo leo."

Firmin alivuta karatasi ya maombi. "Unaandika demande. Komite inakaa mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi? Mama tunamuzika kesho kutwa!"

"Basi iko shida."

Mélanie aliisukuma karatasi pembeni. "Iko picha ya baba yangu. Amepiga yeye. Wewe unanipa ruhusa ya nini?"

Firmin aliinuka, akafungua kabati, akatoa faili, na ndani ya faili karatasi moja ya manjano. Akaiweka mezani kwa ncha za vidole, na Mélanie, kabla hajasoma neno, akaijua ile herufi *e* iliyokuwa inaruka juu kidogo ya mstari. Ilikuwa taipureta yake mwenyewe.

Kwa Kifaransa kizuri, bila kosa hata moja, karatasi ilisema kwamba yeye, mrithi pekee wa marehemu Barthélemy, anaitoa kazi yote ya baba yake kwa Nyumba ya Kumbukumbu, iwe zawadi isiyorudi, pamoja na haki zote za kunakili, kuchapa na kutangaza. Chini sahihi yake, yenye mkia mrefu, ya msichana anayetaka kuonekana ana kazi ya biro, ya ofisi kubwa.

Akakumbuka. Firmin, wakati huo karani kijana, alikuja kibandani na rasimu aliyoiandika kwa mkono, akasema wanahitaji karatasi ya kupokea masanduku. Yeye alikuwa na foleni ya watu saba. Alipiga chapa, akatia sahihi, akaita anayefuata.

"Uliniambia ni ya kutunza," alisema, sauti ikiwa chini.

"Nilikuambia soma. Ulicheka. Ulisema vidole vyako vinasoma."

Hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachomchukiza mtu mwenye msiba kama ukweli uliopigwa pasi. Akabadilisha upande. "Sawa. Weka haki zako zote mufukoni. Lakini badilisha hii ya chini. Mama yangu si mutu bila jina. Unamujua! Amekuuzia samaki mpaka umezeeka!"

"Kwenye bahasha ya filamu baba yako aliandika 'Mama Mélanie'. Basi. Hilo si jina. Fomu inataka majina matatu na chanzo. Mimi siandiki vitu vya kusikia barabarani."

"Mélanie njo miye! Niko hapa mbele yako!"

"Maandishi ya picha yanabadilishwa na mutunzaji peke yake, kwa mukono wake, komite ikishaona. Siyo na mutu wa fotokopi." Akafunga faili. "Na usinifundishe haki za watu, mama. Wewe uliyewanakilia wanafunzi vitabu vizima, jalada mpaka jalada, nani alikupa ruhusa? Na kingine nikwambie. Maji yalipopanda, ghala letu la kule chini bandarini liliingiwa. Nilibeba yale masanduku kwa kichwa, miye peke yangu, maji kwenye kiuno. Yangebaki kwako yangekuwa uji kama zile albamu zako."

Mélanie alichukia kwamba mtu huyu, kwa roho yake ya karatasi, ndiye aliyemwokoa mama asioze. Angeweza kumshukuru. Badala yake alisema, "Mungu akuzike bila picha," akatoka, akaupiga mlango mpaka plasta ikadondoka.

Alishuka mlima akijitukana kuliko alivyomtukana Firmin. Kibandani alimkuta binti yake Ketsia amewasha mashine, ameitoa kalenda msumarini.

"Mama, tufanye nini?"

"Tufanye kazi yetu."

Waliikuza. Picha ilipokuwa ndogo yale maneno ya kifuani yalionekana kama ukungu, lakini ilipofika ukubwa wa fremu yalisimama kama ukuta: MARUFUKU KUNAKILI, kutoka bega mpaka bega. Ketsia alisema anamjua kijana wa studio anayeweza kuyafuta kwenye kompyuta, ndani ya saa moja hutajua kama yalikuwepo.

"Hapana," Mélanie alisema. "Muache hivyo hivyo. Watu wasome."

"Na haya ya chini?"

"Na ya chini."

Ketsia alimtazama mama yake kama anayepima homa. Lakini Mélanie alikuwa ameshika njia yake, na alipokuwa ameshika njia, hata marehemu baba yake alikuwa akikaa pembeni.

Ijumaa watu walijaa mpaka nje ya kanisa. Wauza samaki walikuja na vitenge vyao vya chama, wavuvi waliacha mitumbwi, na watu wa ng'ambo ya kaskazini ya ziwa waliokuwa wanachukua samaki kwa mkopo kwa marehemu walikuja na nyimbo zao. Misa ilipokwisha, Ketsia akatoka mbele ya jeneza na fremu. Vilio vikaanza, halafu vikakatika kimoja kimoja, maana watu walikuwa wanasoma. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti nani amemkataza marehemu kunakili, yeye hata shule hakwenda. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Na waliofika kwenye mstari wa chini waliguna vibaya.

Firmin alikuwa amesimama na kwaya, maana kukosa mazishi ya mtu wa parokia ni aibu hata kwa mwenye muhuri. Alipoiona ile fremu uso ulimbadilika. Akatoka kwenye mstari wa waimbaji, akamfikia Mélanie, akanong'ona kwa meno yaliyofungwa, "Umenakili. Umevunja sheria mbele ya padri. Na unanichafulia jina."

"Jina?" Mélanie hakunong'ona. "Wewe unachafuliwa jina? Mama yangu hana hata la kuchafua!"

Akafungua pochi, akatoa kalamu nene nyeusi ya kibandani, akamwelekezea.

"Ulisema maandishi yanabadilishwa na mutunzaji peke yake, kwa mukono wake. Mutunzaji ni wewe. Mukono unao. Badilisha."

Firmin aliangalia kalamu, akaangalia wauza samaki waliokuwa wamekwisha kumzunguka, mikono viunoni, vilevile kama mama kwenye picha. Akaichukua. Akainama mbele ya fremu, na kwa ule ukaidi wake ambao hata siku hiyo haukumwacha, akauliza kwa sauti ya biro, "Majina matatu. Ni yapi?"

Mélanie akawageukia watu.

"Mumwambie," alisema. "Nyie wote mumekula samaki yake. Mumwambie anaitwa nani."

"Mama Mélanie!" wakajibu kwa pamoja, kwa nguvu, wakijua wameshinda.

"Hilo ni jina langu miye. La kwake?"

Wauza samaki wakatazamana. Mwenyekiti wa chama, aliyeketi karai kwa karai na marehemu miaka ishirini, akashika kidevu. Mzee aliyeuliza swali akatazama viatu vyake. Mélanie akamgeukia binti yake, aliyelala mgongoni mwa bibi huyo tangu hajaota meno.

Ketsia alikuwa ameshika fremu kwa nguvu, machozi yanamtoka. "Koko," alisema kwa sauti ndogo, kama mjukuu yeyote amwitavyo bibi yake. "Miye nilimwita Koko tu."

Hapo hasira ya Mélanie, iliyokuwa imeelekezwa kwa mtu mmoja siku tatu nzima, ikakosa mahali pa kukaa. Ikawaenea wote, na yeye mwenyewe ndani yake, kwani lini aliwahi kulitamka jina hilo mbele ya mtoto wake? Alimwona Firmin pale chini na kalamu yake. Hakumsamehe. Lakini aliona kwamba kile alichokiandika kwenye kalenda, mji mzima ungeweza kukitilia sahihi.

"Andika," alisema. "Mulolwa." Akasubiri. "Kalunga." Akasubiri tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alifuata kila herufi inavyotoka, akaisoma, akahakikisha. "Anastasie. Na *e* mwishoni."

Firmin aliyakata maneno *jina halijulikani* kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika majina matatu juu yao, kwa mwandiko wake mzuri. Aliporudisha kalamu alisema komite itamwita, hilo halikwepeki.

"Waniite," Mélanie alijibu. "Nitakuja na karatasi yangu, na safari hii nitaisoma."

Kisha akasogea kwenye jeneza, akaegemea mbao, akazungumza na aliyekuwa ndani kana kwamba watu mia mbili hawapo.

"Imeandikwa, mama," alisema. "Jina lako lote. Sasa njo imeandikwa."