Gurudumu la Wakfu

Watu wa Mtanda, mtaa wa Lindi, waliomjua Bakary kwa mbao tu walimwona mtu mgumu. Ungempelekea gogo lako la mninga, akupasulie mbao zilizonyooka, umwambie Mungu akulipe, naye angegeuka kufuta mafuta mikononi kana kwamba umemtukana. Wapo waliosema ana kiburi. Ni vema habari yake ielezwe tangu mwanzo, maana waliosema hivyo hawakujua, na yeye sasa yuko mbele ya haki.

Mashine zilikuwa mbili, mtu na pacha wake. Waingereza walizishusha Lindi wakati wa mradi wa karanga ili zipasue mbao za nyumba zao huko Nachingwea. Karanga zilipokataa, vitu vikapigwa mnada. Mashine moja ikaenda kwenye karakana ya shamba la mkonge, nyingine akainunua Mzee Saad, mfanyabiashara wa mbao wa mjini. Ilikuwa misumeno ya mkanda, yaani ukanda mrefu wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili makubwa, moja juu na moja chini. Magurudumu yenyewe ni ya chuma cha kusubu, kile kizito ambacho ukikipiga vibaya kinavunjika kama chungu.

Mzee Saad alipoanza kuugua aliutoa msumeno wake kuwa wakfu wa msikiti. Mwenye uwezo apasuliwe kwa malipo, na malipo yaendeshe madrasa. Lakini viunza, zile mbao za kumfunikia maiti kaburini, vikatwe bure kwa kila anayefiwa. Alikuwa akisema kwamba maadamu mashine ile inakata, yeye atakuwa anapata thawabu hata akiwa chini ya udongo. Na ufunguo wa banda akamwachia Bakary, ambaye hakuwa mwanawe wa kumzaa, ila alimlea tangu mdogo na kumfundisha kazi yote ya mbao.

Baada ya mzee kufa, injini ya dizeli iliyouendesha msumeno ikafa nayo. Ilikuwa ile miaka ya uhaba, hata boliti ilitafutwa kama dawa. Msumeno ukasimama ndani ya banda nyuma ya msikiti, mzima, umepakwa grisi, ukingoja injini tu. Bakary aliufungulia kila baada ya muda, akazungusha magurudumu kwa mkono yasigande, akafunga tena.

Kisha biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa mabati na misumari, kila aliyekuwa na kiwanja akataka fremu za milango, na mashamba ya mkonge yakaanza kufungwa na kuuziwa watu binafsi. Habari zikamfikia Bakary kwa Ignasi, Mmakonde mmoja aliyekuwa fundi mitambo kwenye lile shamba lililochukua mashine ya pili na sasa hana kazi, kwamba yule pacha yupo, amelala nje kwenye majani na anauzwa. Wakachanga, wakamchukua.

Kumfufua kulikula msimu mzima wa kiangazi. Kuku walikuwa wametagia ndani ya kifuniko, ila injini yake ya dizeli ilikuwa nzima. Walilowesha kutu kwa mafuta ya taa, wakasugua kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka jina la kiwanda likasomeka tena. Beringi za zamani zilikuwa za risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa, wakaziyeyusha na kuzimimina upya. Mipira ya kuvisha magurudumu wakaikata kwenye tyubu ya lori. Ignasi alikuwa mtu wa mizaha. Alimwambia Bakary kuwa watu wa pwani wanajua kufufua vitu vyote isipokuwa usingizi wao wa mchana. Bakary akamjibu kwamba Mmakonde akipewa chuma huchonga kinyago.

Walipoinua gurudumu la juu ndipo wakaona ufa. Ulianzia kwenye kitovu ukatambaa hadi ukingoni. Chuma cha kusubu hakichomelewi kwa moto wa kawaida, na gurudumu kama lile halikuwa likitengenezwa tena popote.

"Pacha wake analo," alisema Ignasi.

"Yule ni wa msikiti."

"Najua ni wa msikiti. Nimesema analo."

Bakary alikaa nalo moyoni siku kadhaa. Akajipangia hesabu nzuri: ataliazima, mashine yake itaanza kazi, kwa faida yake atanunua injini ya ule wa wakfu, na siku hiyo hiyo atarudisha gurudumu na kutafuta jingine. Tena itakuwa faida kwa Mzee Saad. Asubuhi moja akafungua banda kwa ufunguo aliopewa na marehemu, akalifungua gurudumu, akaliviringisha hadi kwenye mkokoteni. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa yeye.

Mashine ikafanya kazi vizuri kupita walivyotarajia. Oda zikawa nyingi, na ile injini ya wakfu ikawa jambo la baada ya mvua, kisha la baada ya Ramadhani, kisha la mwakani.

Mwaka uliofuata, lilipofika lori la wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Dar, kamati ya msikiti iliitana. Maalim Maftaha, imamu, aliwaeleza kuwa wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Ila ukiwa umekufa manufaa yake kabisa, unaweza kubadilishwa kwa kitu kingine chenye manufaa. Kisha akamgeukia Bakary, ambaye alikuwa mjumbe.

"Bakary, wewe ndiye mwenye kuujua. Msumeno ule utafanya kazi tena?"

Kama angesema gurudumu liko wapi, angeaibika mbele ya wazee waliomwamini, na mashine yake ingesimama siku ile ile. Akajibu, "Kwa hali uliyonayo, Maalim, hauwezi."

Hakuna neno la uongo katika jibu lile. Alilirudia nafsini kwa miaka, akilichambua neno kwa neno, na kila neno lilikuwa kweli. Lakini Maalim hakuwa ameuliza maneno. Aliuliza kama sadaka ya Mzee Saad imekufa, na aliyeiua ndiye aliyeandika cheti cha kifo.

Wapakiaji waliuvunja kwa nyundo ili uingie kwenye lori. Walimwita Bakary awaonyeshe pa kuanzia kupiga, kwa kuwa ni fundi, naye akawaonyesha. Msikiti ukanunua majamvi na kipaza sauti.

Tangu hapo alichukua jukumu la kukata viunza bure kwenye mashine yake mwenyewe. Alidhani itamtua mzigo, kumbe uliongezeka. Kila aliyefiwa alimshika mkono na kumwombea dua, naye akahisi zile dua zinapita njia isiyo yake. Zilikuwa za mtu aliyelala kaburini anangoja thawabu zake, na yeye amesimama katikati anazipokea. Ndiyo maana hakuitikia shukrani.

Bi Mwanasha, binti wa pekee wa Mzee Saad, alipofiwa na mumewe, Bakary alikata viunza na kuvipeleka yeye mwenyewe. Baada ya maziko akaletewa salamu zake: amefarijika sana, kwa kuwa anaona Bakary ameshika nafasi ya baba.

Hilo hakuliweza. Alikataa chakula mpaka mkewe Zuhura akamuuliza anaumwa wapi. Alasiri akaenda kwa Bi Mwanasha. Bibi huyo alikuwa katika eda, hivyo hakutoka, na Bakary alikaa barazani, pazia la mlango likiwa kati yao na mdogo wa marehemu akiwa uani akisikia. Baada ya kumpa makiwa akamweleza yote, ufunguo, mkokoteni, swali la Maalim na jibu lake, na nyundo.

Bi Mwanasha alisogea karibu na pazia.

"Kaka Bakary, ule msumeno wako unatumia gurudumu la baba mpaka leo?"

"Mpaka leo, dada. Hata viunza vya shemeji limevikata hilo."

"Basi hukupaswa kuja kuomba msamaha kwangu. Hilo gurudumu si langu hata nikusamehe. Ni la msikiti. Nenda ukaseme huko."

"Na wewe?"

"Mimi kwa upande wangu nimekusamehe. Nimechoka, sina nguvu ya kuchukia mtu. Lakini kwa upande wa baba siwezi kukusemea. Utamwomba mwenyewe mtakapokutana."

Akaenda kwa Maalim siku ile ile. Akamwambia kwamba gurudumu likitolewa peke yake, mashine itakufa kama ilivyokufa ile nyingine, kwa hiyo anautoa msumeno mzima, na nia iwe ya Mzee Saad. Lakini kabla ya kuutoa ilimbidi amtafute Ignasi, kwa kuwa nusu ilikuwa yake. Ignasi alinuna siku nzima. Kisha akasema yeye ndiye aliyetamka kwamba pacha analo, na padri wake asingependa kusikia habari hii ikiishia hapo. Akakubali.

Maalim alitaka Ijumaa iwe ya kumpongeza Bakary kwa kutoa mali yake. Bakary akamkatalia. Alimwomba aseme na sababu, na asipoisema, Bakary atasimama aiseme mwenyewe. Maalim akaisema. Wapo waliomwamkia vilevile baada ya swala, na wapo waliopita upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu. Kamati ikamtoa ujumbe, ikamwacha aendeshe mashine kama kibarua. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote yaliyobaki, na kila aliyemshukuru alimwambia amwombee Saad.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, Zuhura akimpa uji, Bakary alimuuliza, "Unadhani mzee amenisamehe?"

"Baba Adija, miaka yote hii unamwombea. Atakosaje kukusikia?"

"Kusikia atakuwa amesikia," alisema Bakary. "Mimi nimeuliza kusamehe."

Zuhura akampangusa mdomo. Baada ya hapo Bakary hakuuliza tena. Siku alizobaki nazo alikuwa akitamka jina la Mzee Saad taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba alimowahi kulelewa, na hana hakika kama atafunguliwa.