Bibi wa Kiti cha Nyuma

Anayetaka kubisha aanze kubisha sasa hivi, tusipotezeane muda. Mimi si mtu wa kuona majini. Nashona sare za shule hapa Newala, natunga uzi kwenye sindano bila miwani, na nilichokiona asubuhi ile nilikiona. Ukiniona mwongo, kamuulize mume wangu, Baba Somoe. Alinicheka sana kwa jambo hili, kisha siku moja akaacha kucheka.

Kisa kinaanza na gari. Baba Somoe alilinunua Masasi, gari la mkononi, lile lenye mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Rangi safi, viti vizima, redio inaimba. Tatizo lake lilikuwa moja: kila aliyelipanda alisinzia. Dada yangu alipanda akiongea, na dada yangu haachi kuongea kirahisi, niamini. Tulipofika alikuwa anakoroma, akaamka kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka.

Mtaani wakaanza. Gari lile lina mtu. Eti mwenyewe wa kwanza alikufa, na kiti cha nyuma kimekaliwa na ndondocha, yaani maiti waliyemfufua wachawi ili awatumikie, na kazi yake ni kunyonya nguvu za abiria.

Hapo utafanyaje? Kwetu kitu chenye mtu kinafukizwa. Basi kila tukitaka kusafiri, Baba Somoe aliweka chetezo cha ubani ndani ya gari, akapandisha vioo vyote ili moshi umkolee huyo mtu, kisha akatoa chetezo tukaondoka na vioo vikiwa vile vile juu. Gari likawa linanukia kama nyumba ya harusi. Kama kulikuwa na harufu nyingine humo ndani, ungeisikia wapi?

Asubuhi ninayoisema ilikuwa ya Julai, baridi ya huku juu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mabomba yalikuwa yamekauka, tukashuka bonde la Kitangari kuchota maji. Mtoto wetu Somoe tulikwenda naye. Alikuwa na miaka mitano, na ni huyo huyo mmoja, tuliyempata baada ya watu kuchoka kutuuliza. Tulipojaza madumu nyuma, mlango ukakataa kufunga. Tukaufunga kwa kamba ukabaki wazi nusu, kama wanavyofanya wote wenye magari huku wakibeba maji. Nani angeona kosa hapo? Somoe akakaa kiti cha nyuma, mbele ya madumu, tukaanza kupanda.

Ukungu ulikuwa mzito. Gari linaguna kwenye mlima, Somoe anaimba nyimbo za shule. Mimi naona paji la uso linanibana kama nimefungwa kilemba cha kukaza. Baadaye Somoe akanyamaza. Nikasema kalala, nikageuka nimfunike kitenge.

Ndipo nilipomwona.

Bibi kizee alikuwa amekaa pembeni ya mwanangu, kampakata kichwa. Alivaa kaniki nyeusi, na kwenye mdomo wa juu alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti walichovaa bibi zetu wa Kimakonde, ambacho siku hizi unaweza kumaliza mwaka hujakiona. Mkono mmoja ulimshika Somoe kidevu. Mkono wa pili ulikuwa unazungusha kishikio cha kioo cha dirisha. Akanitazama kama mtu aliyechoka kuniambia jambo lile lile.

Niliogopa, sikufichi. Nikajua huyu ndiye ndondocha na anamchukua mwanangu. Nikataka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito. Miguu haikuwa yangu. Nikamtazama Baba Somoe, naye kidevu kiko kifuani, na gari linakwenda taratibu kwenye ukingo wa korongo!

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yangu yote miwili. Gari likaruka, likazima. Nikaanguka nje, nikatambaa, nikafungua mlango wa nyuma. Bibi hakuwepo. Somoe alikuwepo, amelegea kama nguo iliyolowa.

"Baba Somoe! Mtoto! Mtoto anakufa!"

Alitoka anapepesuka. Mwanamke mmoja akatokea kwenye ukungu anakimbia, mikono imejaa unga wa mihogo. Hakungoja salamu. Alimchukua Somoe mikononi mwangu, akamwelekeza kwenye upepo, akawa anampepea kwa kanga yake.

"Amka, mwanangu. Amka, mama. Vuta hewa."

Somoe akatapika. Kisha akalia. Nimesikia taarabu nyingi na ngoma nyingi maishani mwangu, lakini sijasikia sauti tamu kuliko kilio kile. Nilikaa chini barabarani nikacheka na kulia kwa pamoja. Yule mwanamke alisimamisha bodaboda, nikapanda na mtoto kwenda hospitali, Baba Somoe akatufuata.

Daktari alimwekea hewa ya mtungi, akatuuliza habari za gari. Kisha akasema ni moshi wa injini, una sumu isiyo na harufu, inalaza mtu bila yeye kujua. "Kilichomsaidia mtoto ni kioo cha upande wake kuwa wazi," akasema. "Mngefunga vyote, tungeongea mengine."

Vioo vyote alivipandisha Baba Somoe mwenyewe. Na kishikio cha upande ule ni kigumu, hata mimi nakizungusha kwa kusaga meno.

Somoe alipopona, gari likapelekwa kwa fundi Masasi, vioo chini. Fundi alizima injini, akaacha bomba la moshi lipoe, akalipaka maji ya sabuni chini kote. Akawasha tena, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara bichi kwa muda mfupi. Mapovu yakachemka kwenye kiungo kilicho chini ya kiti cha nyuma. Akafunua zulia la gari, tukaona tundu la kutu limezungukwa na masizi. Nilipitisha kidole, kikatoka cheusi.

"Ndondocha wenu huyu hapa," akasema. "Na ule mlango mnaoufunga kamba, gari likitembea unavuta moshi wa nyuma kuingia ndani."

Tulicheka mpaka mafundi wengine wakaja kutazama. Akachomelea bomba, akaziba tundu. Baba Somoe alinitania njia nzima: "Moshi ulikulevya, Mama Somoe. Bibi mwenye ndonya!" Nikakubali. Ilikuwa raha kukubali. Mtoto mzima, gari zima, mchawi hakuna. Nilitaka nini zaidi?

Siku chache baadaye tukachukua sukari na doti ya kanga, tukaenda kumshukuru yule mwanamke. Anaitwa Mama Salama, anaanika makopa, ile mihogo mikavu, kwenye kona karibu na pale tuliposimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, anaimba."

"Alhamdulillahi. Na yule bibi yenu?"

Baba Somoe akauliza bibi yupi.

"Si yule mzee wa ndonya, aliyekaa nyuma na mtoto? Mlipopita hapa alikuwa ananipungia mkono juu ya madumu, ananiita nije. Ndiyo maana nikaacha mihogo yangu nikakimbia. Mlidhani nilijuaje?"

Nilimtazama mume wangu. Habari za ndonya nilimwambia yeye peke yake.

Mpaka Newala aliendesha macho yakirudi kwenye kioo cha ndani, kutazama kiti cha nyuma. Mimi nililia, lakini si kwa hofu. Nililia kwa kuwa nilimwita mchawi moyoni, kumbe alikuwa anamshikia mwanangu uso kwenye hewa.

Tangu hapo hakuna aliyesinzia garini mwetu. Madumu tunabeba machache, mlango unafunga, na vioo viko chini hata Julai. Baba Somoe anapiga chafya na halalamiki. Akiingia, kwanza anageukia kiti cha nyuma, anasema shikamoo, ndipo anawasha.

Nawe unayenisikiliza, gari lako likikulaza, usilifukize. Simama, watoe watoto nje, kisha umwite fundi atazame bomba. Na ukigeuka ukamwona mtu amempakata mwanao, kabla hujamwita mchawi, tazama kwanza mkono wake unafanya nini.