Herufi Ndogo za Mke wa Pili

Ninaendesha tovuti ya matangazo ya vifo mjini Machakos, na sijawahi kuona watu wabaya kama wafiwa. Zamani waliniletea bango lililokwisha kuchorwa, picha ya marehemu katikati na maneno pembeni, nami nikalibandika lilivyo. Kisha watu wakaacha kusoma. Wakawa wanaituma akili bandia ya simu iwasomee, nayo ikikuta picha tupu inajibu kwamba hakuna msiba wowote. Watu walikosa mazishi ya wajomba zao, wakanitukana mimi. Ndipo nikaanza kuandika upya kila bango kwa maneno ya kawaida chini ya picha: jina, kwao, siku ya mazishi, mke, watoto. Mashine ikaelewa.

Siku moja akaja mwanamume wa Ndithini, kifungua mimba wa marehemu mmoja, bango mkononi, tumbo mbele. Nyuma yake alikuwa mke wa pili wa baba yake, mwembamba, kandambili mguuni. Bangoni, mke mkubwa alikuwa juu kwa herufi nene. Huyu alikuwa chini kabisa, herufi kama sisimizi. Wazee wa ukoo walikuwa wamelikalia kikao jambo hilo wakaamua: atajwe hivyo, akae nyuma, na wote wakishatupa udongo kaburini, naye aruhusiwe kutupa wake.

“Hapo kwa maneno andika mamangu peke yake,” mwanamume akaniambia. “Huyu ako kwa picha, inatosha. Si mashine haisomi picha?”

Nikamgeukia yule mama, nikamwita mama kwa Kikamba. “Mwaitu, wewe unasemaje?”

“Andika vile anasema. Mimi nataka tu nitupe udongo.”

Unyonge hunichefua. Na yule mwanamume nilimchukia tangu alipoketi bila kunisalimu. Walipotoka nikaandika kila kitu, mke na mke, herufi sawa.

Mazishini nilikwenda kwa ajili ya pilau, sitadanganya. Mshereheshaji, mvivu wa kutupwa, hakuwa ameandaa chochote. Akaiuliza simu yake habari za marehemu, kisha akaisogeza kwenye maikrofoni. Sauti tamu ya mashine ikasikika mpaka ng'ambo ya mto: “Marehemu ameacha wajane wawili.”

Mke mkubwa, aliyevishwa pete kanisani, akasimama. “Wawili? Nani amesema wawili? Tulikubaliana huyu ni wa huko chini! Basi hakuna makubaliano.”

Wazee wakatazama viatu vyao, waoga wakubwa. Wana wa mke mkubwa wakajipanga kati ya kaburi na mke wa pili, wakasimama hapo hadi koleo la mwisho. Yeye alikuwa ameshaokota udongo wake, ameufumba kiganjani. Hakuna aliyempisha. Pilau ikapakuliwa.

Nilimfuata hadi barabarani nikiwaka hasira. Nikamwambia wale ni mbwa, wasimnyime usingizi, kwamba nimemwandika sawa na yule mwingine na kila anayeuliza ataambiwa hivyo.

“Nani alikutuma?” akaniuliza, bila hata kupaza sauti. “Nimekaa mdogo miaka hiyo yote ndio wanipatie hii siku moja. Wewe ukaniandika mkubwa. Sasa sijamzika bwanangu.”