Pacha Aliyeitwa Kila Jumatatu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kawempe, hapa Kampala, mwanangu, simu ilipomkaribisha mtu aliye hai kwa jina la ndugu yake aliyezikwa, naye akaitikia. Chai ilikuwa mezani na hakuna aliyeinywa. Umeniambia unataka kufungua kampuni mtandaoni, tena katika nchi ambayo hutaikanyaga, ukaniomba nikuombee dua. Dua utapata. Lakini kaa kwanza, kwa maana kuuliza si ujinga, ila kuondoka kabla ya jibu ni ujinga uliokomaa.

Mimi nilikulia katika kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, na pale kambini kila nyumba ilikuwa na lugha yake, ila ugomvi na uchumba vilifanyika kwa Kiswahili. Jirani yetu, askari wa Kiganda, alimlea Wasswa, mtoto wa marehemu kaka yake. Wasswa alikuwa pacha. Mwenzake, Kato, alilelewa Kasubi kwa shangazi yao, ambaye Waganda humwita ssenga. Sura zao zilikuwa moja, na ukitaka kuwatofautisha ulisubiri wafungue mdomo. Wasswa alisema Kiswahili cha kambini kama mimi. Kato alisema kile cha mtaani kwao, ambacho L na R hubadilishana viti: habali za leo, kalibu, mchere umepanda.

Kato na mimi ndio tulioanzisha kampuni. Mfanyabiashara akiwa Bukavu au Goma alipiga simu, na sauti ikamwambia bei ya mchele, maharage na vitenge katika masoko ya Kampala kabla hajapoteza nauli. Sauti ilikuwa ya Kato. Alisoma maneno na tarakimu mpaka koo likamkauka, halafu kompyuta ikawa inaviunganisha yenyewe. Wakongo walimpenda sana, wakamwita kijana wa mchere.

Siku hizo kuandikisha kampuni hapa kwetu kulikuwa na njoo kesho nyingi. Kule Ulaya kaskazini kuna nchi ndogo ya baridi, yenye watu wachache, ambayo imehamishia ofisi zake karibu zote ndani ya kompyuta. Tulifungua kampuni kule tukiwa tumekaa Kawempe, chapati mkononi. Wakatupokea pia katika kitalu chao, maana ndivyo walivyopaita mahali pa kukuzia kampuni changa, wakatupa msaada na mlezi. Mlezi wetu alikuwa mama mmoja, Leena, ambaye tulimwona kwenye kioo cha kompyuta tu. Sharti lao lilikuwa dogo: kila Jumatatu waanzilishi wote wawili watie saini, kila mtu kwa kuonyesha uso wake kwenye simu yake. Simu ikikutambua inakukaribisha kwa jina, na kazi imekwisha. Nilidhani tumeingia peponi kwa mlango wa nyuma.

Kisha Kato akaugua ghafla. Tulimkimbiza hospitali ya Mulago, madaktari wakahangaika naye, hakurudi nyumbani.

Siku ya mazishi nililia, nikatamka lile neno, kwamba amekufa. Ssenga akanishika mkono, si kwa ukali, akanivuta kando. Kwa Waganda, mwanangu, pacha hafi. Pacha anaruka, kama ndege anavyoruka, na ukisema vinginevyo unamdhuru yule aliyebaki. Nikaahidi sitasema tena, na ahadi ile niliishika kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata Leena alitokea kwenye kioo, akauliza Kato yuko wapi. Wasswa, aliyekuja ofisini kuchukua vitu vya ndugu yake, alikuwa ameketi pembeni yangu, macho mekundu. Ningetamkaje lile neno mbele yake? Nikajibu kwa Kiingereza kwamba Kato ameruka. Lakini kwa Wazungu, aliyeruka amepanda ndege. Leena akatabasamu.

"Safari njema kwake," alisema. "Atie saini huko huko aliko. Mashine haijali mtu yuko wapi."

Kabla sijamsahihisha, kioo kilikuwa cheusi. Wasswa akaichukua simu ya ndugu yake iliyokuwa mezani, nadhani aliitaka kwa ajili ya picha tu. Ikamtazama usoni, ikafunguka. "Karibu tena, Kato," ilisema. Naye, taratibu, akaitikia, "Asante." Ile ndiyo asubuhi niliyokutajia.

Saini ikapita. Wasswa aliona kampuni ni jasho la ndugu yake, isife naye. Mimi niliona hivyo hivyo, tena ilinifaa kuona hivyo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wangu ulikuwa umekwisha kujikwaa.

Jumatatu zikaendelea. Siku moja simu ilikataa, maana Wasswa alikuwa amefuga ndevu. Akazinyoa. Siku nyingine ikasitasita, naye akaanza kula kidogo, kwa sababu Kato alikuwa na mashavu membamba. Akavaa shati la Kato, akisema picha inatoka vizuri zaidi. Nilimtania kwamba atamtafuta na mchumba wa Kato. Hakucheka.

Halafu asubuhi moja aliingia ofisini, akatundika mwavuli, akasema, "Habali za leo. Mchere umepanda?"

Nilidhani anaigiza. Nikamwambia acha. Akanishangaa, kwa macho ya mtu asiyejua amekosea nini. Aliinama kwenye kompyuta, nami nikiwa nyuma yake nikamwita, "Wasswa." Hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti. Mvua ilikuwa imekatika na mtaa mzima ulinisikia, lakini yeye hakugeuka. Basi nikanong'ona, najuta hata leo, "Kato."

Akageuka, akatabasamu, akasema, "Naam."

Nilitoka bila mkoba. Nilipanda bodaboda mpaka Kasubi nikamweleza ssenga kila kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumekificha kifo chenyewe. Mama yule hakunikatiza. Alijifunga vizuri gomesi yake, lile vazi refu la kina mama wa Kiganda, akachukua mkeka, tukarudi pamoja.

Alitandika mkeka katikati ya ofisi, akakaa, akamtazama Wasswa kwa muda mrefu. Wasswa akapiga magoti kumsalimia, kama desturi yao. Ssenga hakuitikia salamu. Alitaka simu. Simu ikapelekwa mbele ya uso wa Wasswa, ikasema maneno yake. Karibu tena, Kato.

"Nyinyi watoto," ssenga alisema, sauti yake chini, "mimi nirikataza kusema amekufa, kwa heshima. Sikusema mumpe kazi. Ataruka namna gani, kama kira Jumatatu munamwita? Na Wasswa wangu mwenye aribaki, iko wapi?"

Ssenga akanigeukia mimi.

"Wee mtoto wa polisi, ambia ure mzungu. Tumia neno yenye anasikia."

"Ssenga, niseme amekufa?"

Akajifunika kichwa kwa shuka yake. "Sema kwa rugha yao. Kwa yetu, ameruka."

Nikampigia Leena, nikasema neno lile lile nililolikimbia. Alivua miwani, akaomba radhi kwa kuwa alimtakia marehemu safari njema. Kisha akanieleza jambo ambalo bado linaniuma. Katika nchi yao, mwanzilishi akifariki, kuna ukurasa wake; unajazwa kabla chai haijapoa, na kitalu kinawasubiri wafiwa mpaka wakae sawa. "Mngeniambia siku ile," alisema, "tungewasubiri." Lakini sasa kila saini iliyotiwa baada ya mazishi ilifutwa, na nafasi yetu kitaluni ikafutika nayo. Hakutukaripia, na mimi ningependelea angetukaripia.

Ssenga akasema simu ionyeshwe uso mara moja zaidi. Wasswa aliiinua kwa mikono miwili. Ikamtazama, ikafikiri, ikasema, "Hatukutambui."

Wasswa alikaa chini kwenye mkeka, akaweka kichwa mapajani kwa shangazi yake. "Mimi ni Wasswa," alisema, na L zake na R zake kila moja ilikuwa mahali pake. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tulianza upya hapa hapa Kampala, kwa njoo kesho zake zote, na Wasswa akasoma bei kwa sauti yake mwenyewe. Sauti ya zamani tuliifuta, nilisimama nikaona ikifutwa. Lakini miaka mingi baadaye mama mmoja wa Bukavu alinishika bega sokoni akauliza, "Ule kijana wa mchere, iko wapi? Asubuhi zingine nasikia bado yeye." Nilimjibu ameruka. Alielewa, nadhani.

Basi mwanangu, fungua kampuni yako, hata kwa wale wa baridi. Ni watu wazuri, na milango yao haina bawabu wa kukuzungusha. Ila mashine itaamini uso utakaouonyesha, kwa hiyo usiazime uso. Ukiulizwa jambo zito, litafute neno ambalo anayekusikiliza atalielewa, hata kama kwenu halitamkwi. Heshima ya wafu ni ya nyumbani, na walio hai wanadai ukweli. Penye wazee haliharibiki neno, lakini lazima uwafuate mapema, si mpaka mwenzako asahau jina lake. Na biashara isiyoweza kuishi siku ambayo ukweli umesemwa, iache ilale.

Mungu akubariki, akupe wateja waaminifu na mshirika wa kudumu. Akupe jina lako na kulijua, na siku nitakapokuita kwa nyuma, ugeuke wewe.