Mpaka Ambao Mama Hakuambiwa

Mgolole wa baba ulinuka jasho, moshi wa mavi ya ng'ombe na samli iliyochacha, na hadi leo nikiikumbuka harufu hiyo naikumbuka mwilini mwa mama. Asubuhi ile aliuvaa yeye. Aliufunga begani kama mwanamume, akashika mkuki wa baba, akaniambia nami nichukue fimbo ya kaka yangu Ndahani. Wanawake wote wa kijiji chetu, huko upande wa Haneti, walitoka kwenye matembe yao wamevaa vivyo hivyo, bibi zetu wasio na meno wakitamba na kutukana kama vijana, nasi wasichana tukicheka hadi mbavu zikauma. Ng'ombe walikuwa wakiharibu mimba mmoja baada ya mwingine, na kwetu Wagogo balaa la namna hiyo huondolewa na wanawake. Tunavaa kiume, tunaswaga mifugo hadi mpakani upande wa machweo, tunacheza, tunalitupa balaa huko, kisha tunarudi bila kutazama nyuma wala kuitikia anayetuita. Wanaume siku hiyo hukaa ndani. Hawatusemeshi hata neno.

Kabla sijaendelea lazima nieleze vita, maana ndiyo kwanza vilikuwa vimekwisha. Majirani zetu wa ng'ambo ya korongo walikuwa Wagogo kama sisi, tumeoana nao tangu zamani. Mjerumani alipotuma askari kuchukua ng'ombe, wazee wetu waliwaficha porini, na majirani, ili wao wasiguswe, wakawaonyesha askari njia. Askari walipoondoka tukawavamia majirani, nao wakalipiza, watu wakafa pande zote, mpaka Bwana Mkubwa wa boma akawaita wazee akawapatanisha kwa namna yake. Mkalimani alikuwa Mrangi mmoja, mfanyabiashara wa Kondoa, mtu mpole wa kanzu na kofia, aliyetafsiri huku akiwaangalia wazee kwa huruma. Mpaka si korongo tena, alisema, mpaka ni mgongo wa kilima kilicho upande wetu, na juu yake likapangwa rundo la mawe. Kwa hiyo korongo na visima vyake vya mchangani vikawa vya majirani, zawadi ya kuwaongoza askari. Sisi tungenywesha mifugo kwa ruhusa yao, na mtu wetu asivuke mawe yale na silaha. Wazee wakaongeza jambo lao ambalo Mjerumani wala hakuliuliza: Ndahani akaishi kwa mzee Chilewa, mkubwa wa upande wa pili, awe rehani ya amani.

Sote tulijua maana yake. Amani ikivunjika, wa kwanza kuumia ni yeye. Lakini Ndahani alikuwa mtu wa kupendeka, mcheshi, mpiga zeze, na haikupita miezi mingi akawa anamwita Chilewa baba. Tulimwona visimani siku za kunywesha. Mama alimpelekea ugali wa uwele na mlenda uliofungwa kibuyuni, akamsugua kichwa, akarudi nyumbani akiimba. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu kwa Chilewa walikunywa maziwa kila jioni.

Basi siku ile tuliswaga ng'ombe tukapanda kilima, tukayapita yale mawe bila kuyajali. Tulifika korongoni, mpaka wa babu zetu, tukacheza kando ya visima, tukatema mate, tukatupa matawi tuliyowapangusia ng'ombe. Ng'ambo wanawake wa majirani walisimama na vibuyu vyao. Mmoja akapaza sauti, "Dada zangu, mnatutupia sisi? Kwenye maji?" Wakati tunageuka kuondoka nikamsikia Ndahani akija mbio na kuita, "Mama! Mama, mmevuka!" Mama hakugeuka. Alinishika mkono akanivuta, maana nilikuwa nimeshaanza kugeuza shingo.

Baba alikuwa mlangoni tulipofika. Alipouona mchanga wa korongoni miguuni mwetu, uso wake ulibadilika.

"Mmefika wapi, mama Ndahani?"

"Mpakani."

"Mpaka uko kwenye mawe. Nilidhani unajua."

"Nani aliniambia?" Mama alikaa chini palepale, na mkuki bado mkononi. "Nilimsikia akiniita, baba Ndahani. Nilidhani amenikumbuka tu."

Kesho yake Ndahani alirudi nyumbani, peke yake, hajaguswa, na ndama aliyepewa na Chilewa. Mama alipiga vigelegele. Sisi watoto tulimrukia shingoni. Baba alikaa ukutani akalia waziwazi, kwa kuwa rehani ikirudishwa hakuna mapatano tena. Visima vilifungwa kwa miiba. Mrangi yule alitumwa bomani kwa haraka, lakini Bwana Mkubwa alikuwa safarini, na kiangazi hakikumsubiri. Ng'ombe walipoanza kuanguka kwa kiu vijana wetu walinoa mikuki. Ndahani akasema, "Ngojeni. Mimi wananijua, nitaongea nao." Akashuka korongoni mikono mitupu. Kijana wao mmoja mwenye hofu, aliyejificha vichakani, akamchoma mshale kabla hajatamka salamu. Chilewa mwenyewe ndiye aliyemleta, amembeba mgongoni kama mtoto, akilia kuliko sisi. Baadaye askari walikuja wakatwaa ng'ombe wa pande zote mbili, na hakukubaki cha kugombania.

Leo Mjerumani hayupo, Mwingereza naye amekuja akaenda zake. Naishi mjini Chang'ombe, na watu wa pande zote mbili za korongo wananunua chumvi duka moja na kutaniana foleni. Kile kilima kimelimwa uwele. Wajukuu wangu husema enzi zile watu walikuwa washamba, ndiyo maana wakauana. Huwa nawakatalia kwa ukali. Wazee wetu walijua kupatana. Walikaa juani kutwa, wakakubali kupoteza maji ili watoto wao waishi. Kilichowashinda ni kurudi nyumbani na kuwaeleza wake zao, na sioni kama hilo limebadilika sana. Nasikia redioni wakubwa wa nchi wamekutana, wamepeana mikono, na mimi hujiuliza ni nani atakayemwambia yule mama anayekwenda kuchota maji.

Nasikitika, na sioni aibu kusema hivyo. Ndahani angekuwa mzee sasa. Pengine angekuwa msumbufu, mnywaji wa pombe, wa kunigongea mlango kila Jumapili na kudai chai. Ningelalamika kwa majirani, kisha ningeinuka nikambandikie maji jikoni.